Sikio tulilolinunua wenyewe

Kila juma, kwa wakati kama huu, huwa naingia majumbani mwenu bila kupiga hodi. Naingia sebuleni, naingia jikoni, na wapo wanaonieleza kwamba hunisikiliza wakiwa kitandani. Sijapata hata siku moja kuona haya kwa jambo hilo, na sababu yake ni nyepesi: redio ni chombo cha njia moja. Mimi nasema, ninyi mnasikia. Mkinitukana sisikii, mkinizima sijui, na yale mnayozungumza baada ya kunizima ni yenu ninyi na kuta zenu.

Wenye biashara ya redio hawakuwahi kuipenda hali hiyo. Mtu mwenye sabuni ya kuuza akilipia tangazo, hutaka kujua ni nyumba ngapi zimelisikia. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, maprofesa wawili wa chuo cha MIT, Robert Elder na Louis Woodruff, walitengeneza chombo cha kufungwa kwenye redio ambacho kiliandika chenyewe redio imewashwa saa ngapi na imewekwa kituo gani. Arthur Nielsen, mfanyabiashara wa utafiti wa masoko wa Chicago, alikinunua mwaka 1936, na kuanzia 1942 akawa anauza takwimu zake kwa makampuni. Chombo hicho kiliitwa Audimeter. Kwa kadiri ninavyoona mimi, huyo ndiye babu wa vyombo vyote tutakavyovitaja leo, kwani ni hapo redio ilipoanza kupeleka nje habari za watu wa ndani.

Lakini naomba, ndugu msomaji, ulishike jambo moja kuhusu Audimeter. Familia iliombwa kwanza. Ikakubali, ikajua chombo kiko wapi na kinaandika nini, na ikapewa malipo kidogo kwa usumbufu. Sikio lile lilipiga hodi, na likalipa kiingilio.

Masikio mengine ya zama zile hayakuwa na adabu hiyo. Katika miaka ya 1920, wakati pombe imepigwa marufuku Marekani nzima, alikuwako mtu mmoja mjini Seattle aitwaye Roy Olmstead, afisa wa polisi aliyefukuzwa kazi ya kukamata walanguzi wa pombe, akawa yeye mwenyewe mlanguzi mkubwa. Maofisa wa serikali walinasa simu zake kwa miezi kadhaa bila hati ya mahakama, wakaandika waliyoyasikia hadi yakajaa kurasa 775 zilizopigwa chapa. Hawakukanyaga nyumbani kwake. Waliunganisha waya zao barabarani, na katika jengo lililokuwa na ofisi yake waliunganisha huko chini ya jengo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1928, na majaji watano dhidi ya wanne, wakiongozwa na Jaji Mkuu Taft, wakaamua kwamba kwa kuwa hakuna mlango uliovunjwa wala karatasi iliyochukuliwa, basi hakuna upekuzi uliofanyika. Faragha, kwa maoni yao, iliishia kwenye ukuta. Sauti iliyokwisha kutoka nje kwa waya ilikuwa mali ya yeyote aliyeweza kuidaka.

Mmoja wa wale wanne waliokataa alikuwa Jaji Louis Brandeis, na yeye hakuwa mgeni wa jambo hili. Huko nyuma, mwaka 1890, akiwa bado wakili mjini Boston, yeye na mwenzake Samuel Warren waliandika makala katika jarida la sheria la Harvard wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa kwa amani yake. Kilichowachokoza ni magazeti yaliyopenda udaku na kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha asijue. Miaka 38 baadaye mzee akawaonya majaji wenzake kwamba sayansi haitaishia kwenye waya wa simu. Kwamba iko siku serikali itaweza kujua yaliyomo katika saraka za meza ya mtu bila kuifungua meza. Walimsikiliza kwa heshima, wakampigia kura ya kumshinda.

Basi kwa karibu miaka 40 mahakama za Marekani zikawa zinapima faragha kwa futi kamba. Mwaka 1942 walipelekewa kesi ya maofisa waliobandika chombo cha kusikilizia kwenye ukuta wa ofisi ya jirani. Majaji wakasema halali, maana chombo kiligusa ukuta tu, hakikuingia. Mwaka 1961 wakapelekewa kesi ya polisi wa Washington waliopenyeza kinasa sauti chenye ncha kama msumari katika ukuta wa nyumba iliyopakana, mpaka kikagusa bomba la kupasha joto nyumba nzima, na bomba lote likawa sikio. Hapo majaji wakasema haramu, maana msumari umeingia. Inchi chache za chuma ndizo zilizotenganisha halali na haramu! Ni mwaka 1967, katika kesi ya mcheza kamari mmoja aliyenaswa akipiga simu kutoka kibanda cha simu cha Los Angeles, ndipo mahakama ile ilipoachana na futi kamba yake na kusema kwamba sheria inamlinda mtu, si mahali. Brandeis alikuwa amekwisha kufa tangu 1941.

Wakati Wamarekani wanabishana juu ya msumari, Warusi walikuwa wamekwisha kuvuka. Tarehe 4 Agosti 1945 kundi la watoto wa chama cha vijana cha Kisovieti lilimpelekea balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya urafiki: nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwa mti, tai na mabawa yake. Ni nani angekataa zawadi ya watoto? Balozi aliitundika katika makazi yake. Ndani ya tai yule mlikuwa na chombo kilichobuniwa na Leon Theremin, mvumbuzi yule yule wa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Chombo hakikuwa na betri wala waya. Kilikaa kama kipande cha bati kilicholala, mpaka Warusi walipokielekezea mawimbi ya redio kutoka nje. Hapo kiliamka na kuyarudisha mawimbi yale yakiwa yamebeba sauti za chumbani. Kilipozimwa huko nje, hapakuwa na kitu cha kugundua. Kilidumu ukutani miaka saba. Mwaka 1952 balozi mwingine, George Kennan, alikaa akisoma kwa sauti waraka wa zamani kana kwamba anampa katibu wake kazi ya kuandika, ili wasikilizaji wakiamshe, huku mafundi wakizunguka na vyombo vyao mpaka wakalifikia tai. Mwaka 1960 Wamarekani walilionyesha hadharani kwenye Umoja wa Mataifa.

Ujerumani Mashariki hawakuhangaika na zawadi. Wao walikuwa na watu. Wizara ya Usalama ya nchi ile, iliyojulikana kwa jina la Stasi, ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 mwaka 1989, katika taifa la watu kiasi cha milioni 16, mbali na watoa habari wa siri walio zaidi ya hao. Mafundi wake waliingia katika nyumba za watu wakati wenyewe wako kazini, wakatoboa kuta, wakafukia vinasa sauti, wakapaka rangi juu. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliyavamia makao makuu yake mjini Berlin, na tangu mwaka 1992 kila aliyefuatiliwa ameruhusiwa kwenda kusoma jalada lake. Wako waliokuta humo maneno waliyoyasema mezani wakila na familia zao. Wako waliokuta kwamba aliyeyapeleka ni mume au rafiki.

Nimerefusha habari hizi kwa makusudi. Tazama jinsi ilivyokuwa kazi ngumu kulitia sikio katika nyumba ya mtu. Ilihitaji fundi wa usiku, msumari, mchongaji, watoto wenye shada la urafiki, na mshahara wa watu 91,000.

Sasa tuje kwenye zama hizi. Novemba 2014 kampuni ya Amazon ilitoa spika inayoitwa Echo, kwanza kwa wateja walioalikwa, kisha kwa umma wa Marekani mwaka uliofuata. Google ikafuata 2016, Apple 2018. Ni mkebe unaokaa juu ya meza, una vipaza sauti kadhaa, umeunganishwa na intaneti. Unauita jina lake, unauliza hali ya hewa, unauambia upige muziki au uzime taa. Watu walizinunua kwa mamilioni, na kwa bei ya jozi ya viatu.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, maana yanasemwa mengi yasiyo kweli. Mkebe huo haupeleki kila neno la nyumbani kwa kampuni. Vipaza sauti viko wazi muda wote, lakini chombo husikiliza chenyewe sekunde chache chache, kikizifuta, kikingoja jina lake. Kikilisikia ndipo huanza kupeleka maneno kwenye mitambo ya kampuni ili yafasiriwe. Ni tai wa Moscow yule yule: analala mpaka aamshwe. Tatizo ni kwamba mara nyingine huamshwa na jina lisilo lake. Mwaka 2018 mume na mke wa Portland, Oregon, walikuwa wakizungumza juu ya sakafu za mbao. Mkebe ukadhani umeitwa, ukadhani umeagizwa kutuma ujumbe, ukauliza umpelekee nani, ukadhani umejibiwa, na mazungumzo yale yakamfikia mfanyakazi wa mume katika mji mwingine, aliyewapigia simu kuwaambia wavichomoe vyombo vyao haraka. Amazon yenyewe ndiyo iliyoeleza mfuatano huo wa bahati mbaya.

Mwaka uliofuata tukajua kwamba upande wa pili hakukuwa na mashine peke yake. Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg liliandika kwamba Amazon ilikuwa na watu huko Boston, Costa Rica, India na Romania waliosikiliza vipande vya sauti kutoka majumbani ili kuisahihisha mashine, wengine hadi vipande 1,000 kwa zamu moja ya saa tisa. Julai mwaka huo watangazaji wa VRT, redio na televisheni ya umma ya Wafleming wa Ubelgiji, walipata vipande zaidi ya 1,000 vilivyonaswa na vyombo vya Google. Kati yake 153 havikupaswa kurekodiwa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameita. Ulikuwamo ugomvi wa nyumbani, yalikuwamo mazungumzo ya chumbani. Mwezi huo huo gazeti la Guardian likaeleza mambo kama hayo kuhusu Apple, ambayo ilisimamisha usikilizaji ule, na mwanzoni mwa 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza kesi, ingawa haikukiri kosa.

Lakini kisa ninachokiona kikubwa kuliko vyote hakihusu spika, kinahusu televisheni. Kampuni ya Vizio ya Marekani, kuanzia Februari 2014, iliuza televisheni zilizoandika sekunde kwa sekunde ni kitu gani kinaonyeshwa kwenye kioo, iwe kinatoka kwenye king'amuzi, kanda au antena, na habari hizo kutoka televisheni milioni 11 zikauzwa kwa wengine. Mwaka 2017 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey ziliilipisha kampuni hiyo dola milioni 2.2. Basi weka Audimeter ya 1942 upande mmoja na televisheni ya 2014 upande wa pili. Kazi ni ile ile. Ila ya kwanza mwenye nyumba aliombwa akalipwa. Ya pili mwenye nyumba alilipa yeye, wala hakuombwa. Mtu akiniuliza ni nini hasa kimebadilika katika miaka hiyo 72, nitamjibu hivyo, kabla sijataja habari za teknolojia.

Na sheria je? Ile ya 1967 ilimlinda mtu aliyefunga mlango wa kibanda cha simu. Mtu aliyekwenda dukani akanunua sikio akaliweka mezani ana madai gani? Mwaka 2015 mtu alikutwa amekufa katika beseni la maji moto huko Bentonville, Arkansas, na waendesha mashtaka wakaiandikia Amazon wakitaka sauti zilizonaswa na mkebe uliokuwa jikoni. Kampuni ilipinga, kisha ikatoa mwaka 2017 baada ya mshtakiwa mwenyewe kuridhia, na mashtaka yakaondolewa. Siwalaumu waliotafuta ukweli wa kifo. Nasema tu kwamba hapakuhitajika msumari wala fundi wa usiku. Palihitajika hati na anwani ya kampuni.

Wajerumani, kwa historia yao, walishituka mapema. Februari 2017 mamlaka yao ya mawasiliano ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, aliyejibu maswali ya watoto kwa njia ya intaneti, kwa kuwa mtu yeyote aliye karibu na nyumba aliweza kujiunga naye kwa simu akamsikiliza mtoto na kumsemesha. Sheria yao inakataza kipaza sauti kilichofichwa ndani ya kitu kinachofanana na kitu kingine. Wazazi waliambiwa wamharibu, wala si kumzima tu. Marekani ilichelewa: ni mwaka 2023 tu Amazon ilipolipishwa dola milioni 25 kwa kuhifadhi sauti za watoto bila kikomo, na kampuni yake ya kamera za nyumbani, Ring, dola milioni 5.8, baada ya kubainika kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa akitazama picha za wanawake zilizopigwa vyumbani mwao.

Hapa kwetu mikebe ya namna hiyo bado ni michache. Kilichojaa ni televisheni za intaneti, na kamera ndogo za kuunganisha na simu zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, Nairobi, ambazo nyingi huchukua picha na sauti kwa pamoja. Sisi watu wa pwani tusijione wageni wa suala hili. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa ajili ya stara: mgeni anaishia dakani, na njia ya kuingia ndani imepindishwa ili aliye mtaani asione kiwanda wala wanawake. Fundi aliyeipinda njia ile alijua faragha ni kitu gani. Lakini stara ile ilikuwa ya mwenye nyumba na jamaa zake. Ndani ya kuta zile zile waliishi pia watumwa, na wao hawakujengewa njia ya kupinda.

Nalitaja hilo kwa sababu wengi wanaonunua kamera hizi mijini hununua kwa ajili ya dada wa kazi. Mama anakwenda ofisini, anaacha mtoto wa miezi sita mikononi mwa msichana aliyemjua wiki mbili. Hofu yake ni ya kweli na sitaidharau. Tumekwisha kuona mikanda ya kutisha. Ila msichana yule hakwenda nyumbani saa kumi na moja jioni kama karani. Anaishi pale pale. Anasali pale, anampigia mama yake kijijini akiwa pale, analia pale. Nimeketi katika nyumba moja ya Dar es Salaam ambako mwenyeji wangu alinionyesha simuni, kwa fahari, dada akipika na kujiimbia jikoni. Nilimuuliza kama dada anajua. Akacheka, akasema akijua itakuwa haina maana. Na wenzao wanaotoka Kenya, Uganda na Tanzania kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni husimulia habari hizo hizo za kamera za jikoni na korido, mara nyingi pamoja na habari ya simu zao kuchukuliwa.

Sheria zipo. Kenya ilipitisha ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Wala si karatasi tupu: mwaka huo 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hata hivyo sheria hiyo ya Kenya inaziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani, na ukiitazama kwa jicho la kawaida unaona sababu, maana nani anataka mkaguzi wa serikali sebuleni kwake? Upo pia mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unaosema wazi kwamba mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri apewe makazi yanayoheshimu faragha yake. Wangapi kati ya waajiri wetu wamepata kuusikia, achilia mbali wasichana wenyewe? Kwa sasa, anachokijua dada wa kazi kuhusu kamera iliyo juu ya kabati, inaona mpaka wapi, inasikia au haisikii, na picha zake zinakwenda kwa nani, ni kile tu ambacho mwenye nyumba ameamua kumwambia.